Kufunga na Kufuta: Usafishaji wa Daftari la Matatizo katika Tarakilishi ya AS/400

AS/400 ni tarakilishi ya kiwango cha kati iliyozinduliwa na kampuni ya IBM ya Marekani mnamo 1988. Jina lake lilibadilishwa kuwa iSeries mwaka wa 2000, na kuanzia 2008 mfumo endeshi wake huitwa IBM i. Hata hivyo, wataalamu wengi wangali wanalitumia jina la awali.

Tarakilishi hii hujiwekea daftari la matatizo. Hitilafu ya kifaa au ya programu inapotambuliwa, huandikwa humo na kupewa nambari, tarehe na hali. Tatizo hufunguliwa, huchunguzwa, huweza kupelekwa kwa watoa huduma, hujibiwa, huthibitishwa kuwa limetatuliwa, kisha hufungwa.

Amri za mfumo huu huundwa kwa kufupisha kitenzi na nomino. Katika WRKPRB, WRK husimamia kushughulikia na PRB husimamia tatizo. Amri hii huonyesha orodha ya matatizo yote. Katika DLTPRB, DLT husimamia kufuta.

Hapa ndipo vitenzi viwili vya Kiswahili vinapohitaji kutofautishwa. Kufunga tatizo ni kutamka kwamba limekwisha, na kumbukumbu yake hubaki. Kufuta ni kuiondoa kumbukumbu yenyewe. Msimamizi anayefuta tatizo lisilofungwa huupoteza ushahidi ilhali hitilafu ingalipo. Diski inayoelekea kuharibika huweza kutoa maonyo madogo mapema. Yakishafutwa, fundi atakayeitwa baadaye hatajua kwamba yaliwahi kutolewa.

Kwa upande mwingine, daftari lisilosafishwa hulificha tatizo jipya miongoni mwa makumi ya matatizo yaliyokwisha zamani. Kwa sababu hiyo, mfumo una kigezo kiitwacho QPRBHLDITV, ambacho huweka idadi ya siku za kuhifadhi tatizo kabla halijafutwa. Mfumo unapokuja, kigezo hiki huwa siku 30, na msimamizi anaweza kukibadilisha.

Hivyo basi, utaratibu ufaao una hatua tatu: kuisoma orodha, kuyafunga yaliyothibitishwa kutatuliwa, na hatimaye kuyafuta yaliyofungwa ambayo muda wake umepita. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayefuta alama ya ufa bado hajauziba.