Je, Wajua? Jarida la njiwa mmoja mmoja

Mwaka 1958 wanasaikolojia wa Marekani waliofuata njia ya mwenzao B. F. Skinner walianzisha jarida lao, Journal of the Experimental Analysis of Behavior. Majarida makubwa ya wakati ule yalipenda tafiti za makundi makubwa, zenye wastani na hesabu za takwimu. Wao walimfuatilia njiwa mmoja kwa saa nyingi, mashine ikichora kwenye karatasi kila alipodonoa. Waliamini kuwa wastani wa kundi huficha tabia ya kila mmoja. Na kweli huficha: mwanafunzi mmoja akipanda alama kumi na mwenzake akishuka kumi, wastani utasema hakuna kilichobadilika!

Mwaka 1968 likafuata Journal of Applied Behavior Analysis, la matatizo ya darasani, nyumbani na hospitalini. Makala yake ya kwanza ilionyesha kwamba watoto walijisomea zaidi mwalimu alipowajali wakiwa wanasoma. Alipoacha kuwajali hivyo, bidii ikashuka. Alipoanza tena, ikapanda. Ushahidi wa namna hii hata mzazi asiyejua takwimu anaweza kuuona kwenye grafu, na kwangu hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika majarida haya.

Mwaka 1974 jarida hilohilo lilichapisha makala ya Dennis Upper kuhusu jinsi alivyoshindwa kujitibu hali ya kukwama kuandika. Nafasi ya matini ya makala yenyewe haina hata neno moja. Mhakiki alipendekeza ichapishwe bila marekebisho.