Majira ya Baridi Katika Mji wa St. Moritz

Kule Uswisi, katika milima ya Alps, pana mji uitwao St. Moritz, uliojengwa kando ya ziwa, mahali palipoinuka kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu akaaye Moshi huiona theluji ya Kibo ikimeta juu mbali. Lakini kule, wakati wa baridi, theluji huja mpaka mlangoni, ikafunika mapaa na njia.

Zamani wageni walikwenda huko wakati wa joto tu. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza, "Njoni wakati wa baridi, msipopendezwa, nitawalipia nauli." Wakaja, wakakaa miezi, wakarudi kwao nyuso zimebabuka kwa jua. Jua katikati ya theluji! Sababu ni hii: hewa ya mlimani ni nyembamba, nayo theluji huirudisha nuru kama kioo. Mgeni asiyevaa miwani myeusi macho humwasha kama yaliyotiwa mchanga, hata huweza asione kwa siku moja au mbili.

Wageni wengine hupanda magari yasiyo na magurudumu, yavutwayo na farasi wenye njuga. Wengine hujifunga mbao ndefu miguuni, wakateleza mtelemkoni. Lakini lipendezalo kupita yote ni ziwa. Maji yapoapo huwa mazito, yakashuka chini; lakini yakiisha kupoa hata digrii 4, nayo yakazidi kupoa, hurudi kuwa mepesi, yakakaa juu. Ndiyo maana ziwa huganda juu kwanza, na samaki huishi chini ya barafu. Juu ya barafu hiyo watu hutembea, na tangu mwaka 1907 farasi hushindana mbio mwezi wa Februari.

Walakini barafu haiaminiwi kwa kutazamwa. Wenyeji huitoboa wakapima unene wake, ndipo waruhusu watu kupita. Hata hivyo, mwaka 2017 maji yalipenya katika ufa, yakalainisha mahali chini ya theluji. Farasi watatu wakaanguka, mpandaji mmoja akaumia sana, na mashindano ya siku ile yakavunjwa.

Mlimani pana hatari nyingine, yaani theluji kuporomoka na kuwafukia watu. Wataalamu wa mji wa Davos hutangaza kila siku kadiri ya hatari hiyo kwa tarakimu, tangu 1 hata 5. Asiyejua hudhani kwamba 3 ni katikati tu, basi si neno. Kumbe karibu nusu ya wafao kwa maporomoko hayo katika Uswisi, hufa siku za 3.

Na nguo je? Si moja nene, bali kadha wa kadha nyembamba, kwa kuwa hewa iliyoshikwa kati yake ndiyo izuiayo joto la mwili lisitoke. Jasho likizilowesha, baridi hupenya. Kwa hiyo mwenyeji apandapo mlima hufungua vifungo kabla ya kutoka jasho, akavifunga tena asimamapo kutazama.