Mlango Mpya wa Moyo, na Miaka Ifuatayo

Moyo wa mtu una milango minne, nayo matabibu huiita valvu. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mlango ukiharibika, mwenye moyo huo hutweta apandapo kilima, miguu humvimba, na usiku hawezi kulala chali. Katika nchi zetu chanzo kimoja kikubwa ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Mwaka 1960, katika mji wa Portland nchini Marekani, tabibu Albert Starr alimtilia mgonjwa mlango aliouunda pamoja na mhandisi Lowell Edwards: tufe dogo ndani ya kizimba. Mgonjwa yule aliishi yapata miaka 10 tena, akafa kwa kuanguka ngazini, si kwa moyo.

Basi jamaa wengi hudhani kwamba kidonda kikipona mambo yamekwisha. Sivyo. Sisi tumewaona waliorudi kulima na kufundisha. Tena tumemzika mmoja aliyeacha vidonge vyake kwa kuwa alijiona mzima.

Milango mipya ni ya namna mbili. Wa kwanza ni wa kuundwa kwa vitu vigumu. Huu hudumu miaka 20 na zaidi, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mwenye nao hunywa warfarini kila siku maisha yake yote. Akiiacha, donge la damu laweza kuuziba mlango, au kupanda kichwani likaleta kiharusi. Akiizidisha, hutokwa na damu. Ndiyo sababu damu yake hupimwa mara kwa mara. Mchicha na kisamvu na ale, ila kwa kiasi kilekile kila juma. Wala asichanganye mitishamba au vidonge vya dukani bila kuuliza.

Wa pili hufanywa kwa mlango wa moyo wa nguruwe, au kwa ngozi nyembamba ifunikayo moyo wa ng'ombe. Huu kwa kawaida hautaki warfarini siku zote, lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 20, na kwa vijana upesi zaidi. Ndipo huhitaji kubadilishwa tena. Hapa mwanamke kijana ana shauri gumu, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yampasa yeye na mumewe waonane na tabibu kabla ya kupasuliwa, na tena kabla ya kushika mimba.

Wote wawili yawapasa kutunza meno, kwani viini vya kinywani huweza kuingia katika damu na kukaa penye mlango mpya. Kabla ya kung'oa jino na amwambie mganga habari za moyo wake. Homa isiyo na sababu isitibiwe kwa kubahatisha, apelekwe hospitali.

Enyi wazazi, mtoto asomaye na aandike katika daftari kila kidonge alichokunywa mgonjwa na kila siku ya kupimwa. Nanyi walimu, mtoto alalamikapo koo na homa, mpelekeni kwa mganga apate penisilini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa ndani ya kifua cha mtu.