Stima ikirejea na Wi-Fi isionekane: Jinsi ya kuiamuru kompyuta ya Linux isake mitandao upya

STIMA inapokatika katika mtaa wa Nyamasaria, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kuelekea Ahero na Nairobi, kipakatalishi huendelea kufanya kazi kwa nguvu za betri. Ruta inayosambaza intaneti nyumbani huzimika papo hapo.

Stima inaporejea, ruta huchukua dakika moja au zaidi kuamka. Huenda simu ikalitambua jina la mtandao mapema, ilhali kipakatalishi kinachotumia mfumo wa Linux kikabaki na orodha ya awali au kisionyeshe lolote.

Kwa mlipa ushuru anayekimbizana na makataa ya Juni 30 ya kuwasilisha ripoti ya mapato kwa KRA, au mwanafunzi anayejaza ombi la mkopo wa HELB usiku wa mwisho, dakika hizo ni ghali. Anayeizima kompyuta na kuiwasha upya hupoteza kazi ambayo hakuwa ameihifadhi. Anayekimbilia bando za simu hulipia intaneti mara mbili, ilhali ile ya nyumbani imesharejea.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kwa mwenye kompyuta kuukuu isiyomudu Windows 11, Linux, ambayo hupatikana bila malipo, ni njia mojawapo ya kukirefushia maisha chombo chake.

Jinsi kompyuta inavyosaka

Kwa kawaida, ruta hutangaza uwepo wake kwa mawimbi ya redio takriban mara 10 kila sekunde. Kompyuta hupitia chaneli moja baada ya nyingine, ikisikiliza matangazo hayo au ikiita ili ruta zilizo karibu ziitikie. Kisha huandika majina iliyoyapata. Kwa hivyo, orodha anayoiona mtumiaji ni kumbukumbu ya msako uliopita, wala si hali ilivyo wakati huo huo.

Kusaka bila kukoma hula betri na hukatiza mawasiliano yanayoendelea. Ndiyo maana NetworkManager, programu inayosimamia mitandao katika matoleo kama vile Ubuntu, Fedora na Linux Mint, hurefusha muda baina ya msako mmoja na mwingine, hadi takriban dakika mbili. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, lakini programu hii imeundwa ichoke.

Amri ya kusaka upya

Mtumiaji hahitaji kungoja. Anachopaswa kufanya ni kufungua dirisha la kuandikia amri na kuandika:

nmcli device wifi rescan

Amri hiyo ikifaulu, huwa haitoi jibu lolote. Baada ya sekunde chache, orodha mpya huitishwa hivi:

nmcli device wifi list

Safu ya SSID huonyesha jina la mtandao, CHAN huonyesha chaneli, nayo SIGNAL huonyesha nguvu ya mawimbi kuanzia 0 hadi 100. Kompyuta ikikataa kwa sababu msako mwingine umetoka kufanyika, inatosha kusubiri kidogo na kurudia.

Iwapo ruta imefichwa jina, msako wa kawaida hautaonyesha jina hilo. Katika hali hiyo, amri ya kwanza huongezewa neno ssid likifuatwa na jina lenyewe, ili kompyuta iuite mtandao huo moja kwa moja.

Palipo na toleo lisilotumia NetworkManager, amri "iw dev" hutaja jina la kifaa cha Wi-Fi. Jina hilo likiwa wlan0, msako hufanywa kwa "sudo iw dev wlan0 scan", na nywila ya msimamizi wa kompyuta huhitajika.

Msako usipozaa matunda

Orodha ikibaki tupu kabisa, yafaa kuchunguza kama redio ya Wi-Fi imezimwa. Amri "rfkill list" hubainisha hilo. Kizuizi cha aina ya "soft" huondolewa kwa "nmcli radio wifi on". Kile cha "hard" aghalabu hutokana na swichi iliyo ubavuni mwa kompyuta au kitufe cha kibodi, na hakuna amri itakayokiondoa.

Ikiwa mitandao ya majirani inaonekana lakini wa nyumbani hauonekani, huenda tatizo likawa chaneli. Nchini Marekani, vifaa vya masafa ya gigahezi 2.4 kwa kawaida hutumia chaneli ya 1 hadi 11, ilhali mataifa mengi mengine huruhusu hadi ya 13. Kipakatalishi cha mtumba kilichoundwa kwa soko la Marekani chaweza kuipuuza ruta iliyo kwenye chaneli ya 12 au 13. Suluhisho rahisi ni kuihamishia ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.

Vilevile, kompyuta ya zamani yenye redio ya gigahezi 2.4 pekee haitauona kamwe mtandao wa gigahezi 5, hata isake mara mia. Hata penye redio ya masafa yote mawili, mawimbi ya gigahezi 5 hupenya kuta kwa shida zaidi, na kwa nyumba za mabati, chuma huyarudisha mawimbi nyuma.

Tahadhari moja yabaki. Msako mpya huleta pia majina ya mitandao ya wageni, na yeyote aweza kuipa ruta yake jina lolote. Mtandao unaofanana jina na wa nyumbani lakini hauitishi nywila haufai kuunganishwa, hasa na mtu anayetaka kuingiza nambari yake ya siri ya KRA au ya benki. Safu ya SECURITY katika orodha ndiyo ya kutazamwa kwanza: penye mistari miwili tu badala ya herufi kama WPA2, mtandao huo hauna ulinzi.