Vita vya Marseilles na Kalamu ya Bi Salme



Katika baraza ya vijana ya mwezi uliopita hapa Bankstown, binti mmoja wa miaka 15 alitusomea hadithi aliyoitunga mwenyewe kuhusu ugomvi wa Sayyid Majid na nduguye Sayyid Barghash. Mizinga ilinguruma, farasi walikimbia, Barghash akawa shujaa na Majid akawa dhalimu. Tulimpigia makofi. Mama yake hakupiga. Aliinuka kabla ya mwisho akaenda kukosha vikombe, na wengi wetu tunajua sababu: yeye na kaka yake hawasemezani tangu ilipouzwa nyumba ya marehemu baba yao huko kwetu.

Tumeona basi tukieleze kisa hicho kama kilivyokuwa, kwani ukweli wake una uchungu kuliko mizinga.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Aliacha watoto 36, wa baba mmoja na mama mbalimbali. Thuwaini alikuwa ameshika Maskati, Majid Unguja. Barghash, aliyekuwamo jahazini baba yao alipokata roho, alimzika usiku kwa siri na kujaribu kuukamata utawala kabla mji haujaamka. Hakufaulu. Majid akatawala, na Barghash akabaki mjini akitafuta wa kumuunga mkono. Miongoni mwa aliowapata ni wakuu wa kabila la Harthi.

Hapa ndipo anapoingia Bi Salme, na hapa ndipo binti yetu alipopita mbio. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Mama yake na mama yake Majid walikuwa marafiki, wote wawili Wacherkasi, na Majid pamoja na dada yake Khaduj waliwakaribisha Salme na mamaye wakae nao. Alikua nyumbani kwa Majid akipendwa. Kisha akampenda mno dada mwingine, Bi Khole, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Hakuwa na ugomvi wowote na Majid. Alichoogopa ni kumpoteza Khole.

Na alikuwa na jambo moja ambalo wanawake wengi wa jumba lile hawakuwa nalo: alijua kuandika. Alikuwa amejifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Basi msichana wa miaka 15, aliyefiwa na mama yake mwaka ule ule wa 1859, akawa katibu wa njama. Barua za kuagiza bunduki na baruti ziliandikwa kwa mkono wake.

Majid alipopata habari aliizingira nyumba ya Barghash. Dada wawili wakaomba ruhusa ya kumzuru ndugu yao, wakaingia na kundi la wanawake, wakatoka naye akiwa amefunikwa ushungi, macho tu yakionekana. Salme asimulia kwamba wanawake warefu waliwekwa kando yake ili kimo chake kisimfichue, na kwamba Barghash alikataa kata kata mwanzoni kuvaa nguo za kike. (Tuliposimulia kipande hiki barazani, ndipo wavulana walipoanza kusikiliza.) Akakimbilia shamba la Marseilles, lililokuwa limegeuzwa ngome. Majid akalishambulia kwa msaada wa askari wa Kiingereza. Barghash alirejea mjini kwa siri, akagunduliwa, nyumba yake ikamiminiwa risasi mpaka akasalimu amri. Alipelekwa Bombay, na pamoja naye mdogo wao Abdul Aziz, aliyekuwa mtoto bado. Wale waliofia shambani hatuwajui majina.

Majid alishauriwa awaadhibu dada zake. Hakuwaadhibu.

Miaka baadaye Salme alipatana naye, na kwa kupatana huko Khole na Barghash wakamgeuka. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Jambo hilo linawachoma wengi wetu, nasi hatulifichi. Majid alifariki mwaka 1870. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 akifuatana na manowari za Kijerumani, Barghash, naye sasa Sultani, hakukubali kumwona. Ndugu aliyemtoa nyumbani kwa ushungi!

Habari nyingi za ndani ya majumba yale tunazipata katika kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1886. Hata M. M. Kaye, Mwingereza aliyetunga riwaya ya Trade Wind mwaka 1963 juu ya mwaka huo wa 1859, aliwatia humo dada hao, ijapokuwa moyo wa riwaya yake uko kwa mwanamke wa Kimarekani, jambo tunaloliona kuwa hasara. Majid hakuacha kitabu. Tunamjua kwa maneno ya dada aliyemfanyia hiana, na ajabu ni kuwa dada huyo ndiye anayemsifu kwa upole.

Tulimweleza binti yetu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: Majid alimwambia nini Salme siku ya kwanza walipoonana tena? Tukamjibu kwamba hapo ndipo penye kazi ya mtunga hadithi, na sisi tulioshika chaki miaka mingi hatuwezi kumwandikia.

Amekwisha kuifuta sura ya mizinga. Sasa anaandika chumba, mlango, ndugu wawili wamesimama, na Majid hajafungua kinywa bado. Karatasi hiyo moja tumeitoa nakala katika mashine hii hii inayochapa jarida letu. Mama yake ndiye aliyeiomba.