Nyumba mpya kwa siku saba? Ngoja bili ije!

Wiki hii tuongelee vipindi vya runinga vya kukarabati nyumba. Si unavijua? Mwanzo chumba kama gofu, mwisho kinang'aa, mwenyewe anatoa machozi ya furaha, na wewe hapo kwenye kochi unaanza kuuangalia ukuta wako kwa jicho baya. Mimi ni mpenzi wa vipindi hivi, sikatai. Ila nikifuatilia vilikotoka, naona kuna kitu kilidondoka njiani. Muda.

Tuanzie Boston, Marekani. Mwaka 1979 kituo cha WGBH kilianza kurusha This Old House, mtangazaji Bob Vila, seremala Norm Abram. Walichukua nyumba moja chakavu mtaa wa Dorchester, wakaing'ang'ania hiyo hiyo msimu mzima. Mtazamaji aliona vumbi, akaona mbao zilizooza, akaelewa kwa nini fundi anasema kazi bado. Mwaka 1980 kikaanza kuonekana Marekani nzima kupitia PBS. Desemba 1994 ikazaliwa HGTV, kituo kizima cha mambo ya nyumba na bustani.

Waingereza nao wakaja na lao. Mwaka 1996 BBC2 ilianzisha Changing Rooms. Majirani wanabadilishana nyumba, kila upande unapamba chumba cha mwenzake kwa siku mbili na pauni 500. Vituko hapo! Mbunifu anapaka rangi aitakayo yeye, MDF zinakatwa haraka haraka, mwenye chumba hana sauti. Safari moja ilitundikwa rafu ya kuning'inia, ikapangwa mabirika ya chai ya mwenye nyumba. Rafu ikaporomoka, mabirika yakawa vipande vipande. Watazamaji walipata cha kusimulia, lakini mwenye mabirika je?

Mwaka 2000 Wamarekani wakaiga, wakaiita Trading Spaces, siku mbili zilezile kwa dola 1,000. Halafu Desemba 2003 ABC ikaleta Extreme Makeover: Home Edition, yake Ty Pennington. Familia yenye shida inapelekwa likizo, huku nyuma nyumba nzima inajengwa kwa siku saba. Wakirudi basi kubwa linasogezwa, jumba hilo hapo, kilio mtaa mzima.

Sasa nisikilize vizuri. Jumba lilipokuwa kubwa, kodi ya majengo na bili za umeme navyo vilinenepa. Baadhi ya familia zilishindwa, zikauza. Nyingine nyumba zilichukuliwa na benki. Wakati huo kamera zilishaondoka zamani. Kipindi kilikoma mwaka 2012, kikafufuliwa HGTV mwaka 2020.

Kwa hiyo, mshikaji, usimgombeze fundi wako eti kwenye TV wanamaliza kwa wiki. Kule mafundi ni jeshi zima, usiku na mchana. Wewe unaye mmoja, na simu yake haipatikani! Anza na paa na mabomba, rangi baadaye. Kabla hujaongeza chumba, jiulize kitakula shilingi ngapi kila mwezi. Na kama ni mpangaji, ongea na mwenye nyumba kabla ya kushika brashi. Ukuta ukipendeza ni wake, na kodi anayepandisha ni yeye huyo huyo.