Mbegu ya Soya Isiyokufa Ghalani

Punje ya soya ina kadiri ya asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta, na kwa hiyo ni chakula bora cha binadamu na mifugo. Zao hili lenye asili ya Asia ya Mashariki lililetwa Amani, Tanganyika, mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Hata hivyo, katika nchi za joto lilienea polepole. Mojawapo ya sababu ni kwamba mbegu yake hufa upesi. Mkulima aliyehifadhi mbegu yake katika ghala lenye joto na unyevu aweza kupanda msimu ufuatao, asione ila miche michache. Ikiwa hana mahali pa kupata mbegu nyingine, msimu wake umepotea.

Kwa nini mbegu hufa

Mbegu ni kiumbe hai kilichotulia. Penye joto na unyevu, mafuta yaliyomo huungana na oksijeni, na utando wa seli za mmea mchanga huharibika. Tena ganda la soya ni jembamba, na mzizi mchanga umelala chini tu ya ganda hilo. Mapigo ya kupura huujeruhi kwa urahisi. Punje kubwa mara nyingi huharibika mapema kuliko punje ndogo.

Kuunganisha sifa mbili

Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, ililishughulikia tatizo hili. Aina za soya kutoka Marekani zilizaa sana, lakini mbegu zake hazikudumu. Baadhi ya aina za Indonesia zilikuwa na punje ndogo zilizodumu. Wataalamu waliamua kuzichanganya.

Ua la soya hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mtaalamu hulifungua kwa koleo dogo lingali changa, huondoa stameni, kisha hupaka chavua ya mzazi wa pili. Mimea ya kizazi cha kwanza hufanana. Tofauti hujitokeza katika kizazi cha pili. Kwa kila jozi ya jeni zilizotofautiana, mimea yenye hali ya mchanganyiko ni 1/2 katika kizazi cha pili, 1/4 katika cha tatu, na 1/32 tu katika cha sita. Hapo ukoo umetulia, nao waweza kupimwa.

Ili kutosubiri miezi mingi, mbegu huzeeshwa kwa haraka. Katika kipimo kinachotumika sana, huwekwa kwa saa 72 penye joto la digrii 41 za Sentigredi na hewa iliyojaa unyevu, kisha huoteshwa. Koo zinazoota vizuri baada ya hapo ndizo huchaguliwa. Mbegu za mpango huu wa Ibadan hujulikana kwa alama ya TGx, na aina kadhaa zimekabidhiwa kwa wakulima wa Afrika.

Jaribio la darasani

Chukua mbegu 200 za soya zilizovunwa pamoja. Weka 100 katika chupa kavu iliyofungwa vizuri, na 100 katika mfuko wa kitambaa mahali penye joto na unyevu. Baada ya miezi mitatu, ziotesheni juu ya vitambaa viwili vyenye maji na mhesabu zilizoota. Matokeo yataonyesha kwamba aina bora peke yake haitoshi: mbegu lazima ikaushwe na kutunzwa.